Ufagio Usitangulie Ushahidi



Likitokea la kutokea katika mitaa yetu, nyumba ikavunjwa usiku, tawi likatiwa moto, au kijana wa watu akakutwa amelala chini na damu inamtoka, jambo la kwanza tulifanyalo ni kukusanyika, na la pili ni kufagia. Wanaume huingia na kutoka wakitazama, watoto huokota, kina mama huleta maji na ufagio kwa kuona haya kwamba wageni watakuja kutoa pole na uwanja ungali mchafu. Askari akifika, kama amefika, hukuta sakafu imeoshwa, mlango umekwisha tiwa misumari, na kila mtu anayo khabari yake ya kusimulia. Kisha kesi ikianguka mahkamani tunasema tumedhulumiwa. Naam, mara nyengine tumedhulumiwa kweli. Lakini nataka niseme leo, bila ya kumfurahisha mtu wala kumchukiza, kwamba ushahidi mwingi katika visiwa hivi hauuliwi na adui. Huuliwa na majirani wema.

Mimi ni mwenye duka, si mwanasharia wala si daktari. Ila mwenye duka anajua jambo moja ambalo wengine hulisahau: kitu kisichoandikwa kimetoka kwa nani, kimepokewa na nani na saa ngapi, hicho si mali tena, ni ubishi. Na haki mahkamani haina tofauti na hisabu ya duka. Hakimu hakuwapo. Hakuona. Anachokiona ni kitu kilicholetwa mbele yake na maneno ya waliokileta, na akikuta baina ya mahali kilipookotwa na meza yake pana pengo moja tu lisilo na maelezo, huna la kumlazimisha aamini.

Wale tuliosoma chuoni tukiwa watoto tuliyajua haya kabla ya kuijua polisi. Katika kisa cha Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, kanzu yake inatoa ushahidi mara mbili. Mara ya kwanza ndugu zake wanamletea baba yao kanzu iliyopakwa damu ya uongo, na wafasiri wamesimulia kwamba mzee Yaakub aliitazama akastaajabu na mbwa mwitu aliyemla mtoto asiirarue nguo. Mara ya pili kanzu ile ya Yusuf inatazamwa imechanika wapi, mbele au nyuma, na kwa mpasuko huo ikajulikana nani aliyemkimbilia nani. Hapana aliyeulizwa kiapo. Nguo yenyewe ndiyo iliyoulizwa, na ilijibu kwa sababu ilikuwa katika hali ile ile iliyokuwa nayo jambo lilipotokea. Lau mtu mwema angaliichukua akaifua na kuishona, mas-ala yangalibaki neno la mke wa mkubwa juu ya neno la mtumwa, nanyi mnajua ni lipi ambalo lingaliaminiwa.

Sasa nitawapa kisa cha zama zetu, nacho nakitaja kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kila kosa ambalo sisi hulifanya, na kilitokea katika nchi yenye maabara, wataalamu na fedha.

Nchini Australia, usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, mtoto wa kike wa wiki 9, jina lake Azaria Chamberlain, alitoweka katika hema la wazazi wake karibu na jabali kubwa la Uluru, ambalo Wazungu walikuwa wakiliita Ayers Rock. Mama yake, Lindy, alipiga ukelele kwamba dingo, yaani mbwa mwitu wa nchi ile, amemchukua mtoto. Mamia ya watu walitoka na taa usiku ule kutafuta. Walifanya lililo wajibu, maana roho ya mtoto hutangulia kila kitu. Lakini mchanga uliokuwa na nyayo nao ukakanyagwa na miguu ya hao mamia. Wenyeji wa ardhi ile, watu weusi walioishi hapo tangu na tangu na kuusoma mchanga kama sisi tunavyosoma juzuu, walifuata nyayo za dingo na wakaona mahali ambapo mnyama aliweka chini mzigo, na mchanga ukawa na alama mfano wa nguo ya kufuma. Ushahidi wao haukupewa uzito wake katika kesi. Tume iliyokaa miaka ya baadae ndiyo iliyowakalisha na kuwasikiliza kwa lugha yao. (Nasikitika kwamba hili halitushangazi. Aliye mwenyeji wa mahali huulizwa mwisho.)

Baada ya wiki moja nguo za mtoto zilionekana chini ya jabali na mtalii mmoja. Hakuzigusa, akaita polisi, na kwa hilo alifanya vizuri kuliko wengi. Askari aliyefika akaziinua kwanza, akatazama ndani, kisha akazirudisha chini ndipo zikapigwa picha. Yule mtalii baadae alisema kwamba zilivyo katika picha sivyo alivyozikuta. Tazameni basi udogo wa kosa na ukubwa wa matokeo yake! Kwa sababu kesi yote ilikuja kusimama juu ya suala lile lile la Yaakub: mnyama huacha nguo namna gani? Upande wa mashtaka ulidai kwamba nguo zimekatwa kwa mkasi, na kwamba hazina mate ya dingo. Mama akasema mtoto alivaa juu yake kijikoti cha kufuma ambacho hakikuonekana, na kwamba hicho ndicho kilichoifunika nguo ya ndani. Hakuaminiwa.

Mahkama ya kwanza ya kuchunguza kifo, mwezi wa Februari 1981, iliamua kwamba mtoto alichukuliwa na dingo. Lakini khabari haikuishia hapo. Septemba 1981, zaidi ya mwaka baada ya tukio, polisi waliichukua gari ya familia wakaipekua. Gari iliyokuwa ikitumiwa siku zote hizo, ikipakia watoto, vyakula na maziwa, na ambayo kabla ya hapo ilikuwa imempakia mtu aliyeumia njiani akivuja damu. Maabara ikasema chini ya dashibodi pana damu ya mtoto mchanga. Mtaalamu kutoka London akasema katika nguo anaona alama ya mkono wenye damu. Kwa maneno hayo, tarehe 29 Oktoba 1982, Lindy Chamberlain akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua mwanawe. Alikuwa mja mzito. Alijifungua mtoto mwengine akiwa mfungwa, na mtoto akaondolewa kwake.

Mawakili wake walipotaka vile vibamba vya maabara ambavyo majibu ya damu yalionekana juu yake, ili wataalamu wao wavitazame kwa macho yao, wakaambiwa vimekwisha haribiwa; ndiyo ada ya maabara ile. Ada! Mtu anafungwa maisha, na kilichomfunga kimetupwa na hakuna anayeweza kukitazama mara ya pili. Ndugu zangu, mimi mtu akiniletea deni la shilingi mia akasema daftari amelitupa kwa kuwa ni ada yake kutupa madaftari kila mwezi, sitamlipa. Huyu mama alilipa kwa zaidi ya miaka 3 ya umri wake.

Alitolewaje? Kwa bahati, au tuseme kwa kudra. Mwanzoni mwa Februari 1986 mtalii Mwingereza alikuwa ameanguka katika jabali lile, na waliokwenda kuutafuta mwili wake wakakiona kile kijikoti, kimefukiwa nusu mchangani, mahali penye mapango ya dingo. Siku chache baadae mama akafunguliwa. Tume ya serikali ikakaa, na katika ripoti yake ya mwaka 1987 yakabainika mengi: kwamba dawa iliyotumiwa kupimia haikuwa ya kutegemewa kutofautisha damu ya mtoto mchanga, kwamba yale matone ya chini ya dashibodi yalikuwa rangi nzito ya kuzuia kelele inayopulizwa na kiwanda chenyewe wakati wa kuunda gari, kwamba ule mkono wa damu ulikuwa, kwa sehemu kubwa, vumbi jekundu la jangwa. Hukumu zikafutwa Septemba 1988. Na ilibidi kungojea mpaka tarehe 12 Juni 2012, miaka karibu 32, mahkama ya vifo iandike katika karatasi kwamba Azaria aliuawa na dingo.

Wasomaji wengine watasema, hayo ni ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu hivi: kama katika nchi ile, ambayo mshtakiwa alikuwa na mawakili na magazeti yakiandika kila siku, nguo moja kuinuliwa kabla ya picha na gari moja kuchelewa kupekuliwa vimeweza kumfunga asiye na kosa, basi hapa kwetu, ambapo mshtakiwa huenda hana hata nauli ya kwenda mahkamani, itakuwaje? Nanyi msidhani ushahidi ukiharibika hupotea tu. Haupotei. Hugeuka ukasema uongo, na uongo huo humwangukia aliye dhaifu.

Mfano mwengine, nao ni mfupi. Huko Ujerumani polisi walimtafuta mwanamke mmoja kwa miaka. Vinasaba vyake, ile alama iliyomo katika damu, mate na jasho la kila mtu, vilionekana katika mahali kama 40 palipotendwa makosa, tangu wizi mdogo mpaka mauaji, katika nchi tatu. Askari wa kike wa miaka 22 alipouawa kwa risasi mjini Heilbronn tarehe 25 Aprili 2007, alama hiyo ikaonekana tena, na zawadi ya euro 300,000 ikatangazwa. Mwaka 2009 ikagundulikana kwamba mwanamke huyo ni mfanya kazi wa kiwanda kinachotengeneza vijiti vya pamba wanavyotumia polisi kuchukulia ushahidi. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu si kuondoa vinasaba. Polisi walikuwa wakikutana, kila mahali, na mkono wa aliyewafungia pamba! Na wauaji, siku zote hizo, walikuwa wakitembea. Bastola ya askari yule ilikutwa Novemba 2011 katika mali ya genge la wauaji wenye kuwachukia wageni, ambalo lilikuwa limeua watu wengine wengi. Kwa hiyo hata chombo cha kuokotea kiulizwe kimetoka wapi.

Nirudi kwetu. Polisi si wetu kuwaamrisha, na maabara si yetu. Lakini saa ya kwanza ni yetu. Kabla hajaja ofisa yeyote, sisi ndio tupo hapo, na tutakavyofanya katika saa hiyo ndivyo mambo yatakavyokuwa miaka miwili baadae mbele ya hakimu. Nasema basi wazi wazi yanipasayo kusema, na matawi yafikiri.

Kwanza kabisa mtu. Aliyeumia abebwe apelekwe hospitali, na wala asiwepo wa kusema asiguswe kwa ajili ya ushahidi. Huo utakuwa ujinga na dhambi. Ila ikibidi kuchana nguo zake, msichane kwa kupitia tundu la risasi au la kisu. Pasueni pembeni, na nguo zisitupwe. Aliyembeba akumbuke alikuwa amelala vipi, kichwa kikielekea wapi, na aliseme jambo hilo kwa mtu wa kuandika siku hiyo hiyo, si baada ya arubaini.

Kisha pazungukwe kamba. Kamba yo yote, hata ya makumbi. Na duara liwe pana kuliko mnavyodhani, kwa kuwa mhalifu hakushuka kutoka mbinguni. Ameingia kwa njia na ametoka kwa njia, na katika njia hizo ndimo alimotupa kipande cha sigara, ndimo alimokanyaga tope, ndimo aliposhika ukuta akaruka. Wawekwe watu wawili wa makamo, wenye kuheshimiwa, wa kuzuia. Anayelazimika kuingia aingie kwa njia moja na atoke kwa hiyo hiyo, na jina lake na saa yake viandikwe, awe ni sheha, awe ni kiongozi wetu wa chama, awe ni nani. Khasa viongozi wetu. Maana tunao wengine ambao hawawezi kuona mahali pana watu bila ya kuingia katikati kusema neno.

Nyayo ikiwa mchangani na mvua inanuka, ifunikeni kwa beseni au kwa sufuria iliyopinduliwa, na msiisogelee tena. Ganda la risasi liacheni lilipo. Duara la chaki au jiwe pembeni yatosha. Najua maganda haya huokotwa yakapita barazani mkono kwa mkono, kila mmoja akitazama namba zilizoandikwa kitakoni, na mwisho yakawekwa kabatini kwa mtu kama kumbukumbu. Ganda lililopita mikono kumi lina alama za vidole vya watu kumi wetu, na mtu wa kumi na moja, ambaye ndiye aliyelitia katika bunduki, alama yake imefutika. Tena lina mikwaruzo midogo iliyoachwa na mashine ya bunduki ile na si nyengine, na mikwaruzo hiyo haipendi kugongana na funguo mfukoni mwenu.

Nimetaja alama za vidole. Vijana wajue, kwani hawafundishwi, kwamba elimu ya kuzipanga alama hizi hata zikaweza kutafutwa katika makabati ilikamilishwa Bengal, nchini Bara Hindi, na kwamba waliotoka jasho ni Azizul Haque, Muislamu, na Hem Chandra Bose, Mhindu, waliokuwa wakifanya kazi chini ya mkuu wa polisi Mwingereza aitwaye Edward Henry. Afisi ya alama ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na London ikafuata mwaka 1901. Utaratibu ule umeitwa kwa jina la Henry mpaka leo. Hayo nayapita.

Duka langu liliwahi kuvunjwa. Kufuli ilikuwa imekatwa, imeanguka mbele ya mlango, mng'aro wa chuma kipya unaonekana pale msumeno ulipopita. Askari mmoja, kituo chake nakiacha bila ya jina, aliiokota kwa vidole vyake, akaitia mfukoni mwa suruali pamoja na fedha zake za chai, akaenda zake. Hakuandika. Sikuiona tena wala yeye hakuulizwa. Na majirani, Mungu awalipe, walikuwa wamekwisha nifagilia ndani na kunipangia upya makopo ya maziwa rafuni, kila kopo ambalo mwizi alilishika na kuliacha.

Turejee katika namna ya kuhifadhi, na hapa kwa kweli mwenye duka ana la kusema. Kitu kibichi hakifungwi katika plastiki. Muulizeni yeyote aliyewahi kuuza tende: ukizifunga mbichi katika mfuko wa nailoni, siku ya tatu zina ukungu. Damu ni hivyo hivyo. Nguo yenye damu, ikiwa askari hawaji na imelazimu ninyi wenyewe kuiondoa, ianikwe kivulini ikauke, mahali pasipopita watu, juu ya karatasi safi, na karatasi ile nayo ihifadhiwe. Kisha itiwe katika mfuko wa kaki, mfuko mmoja kwa nguo moja. Kanzu ya aliyepigwa isilazwe pamoja na shati la anayetuhumiwa, hata kwa dakika moja, kwani vumbi, nywele na damu hutoka hapa zikaenda kule, na hapana wakili mjinga kiasi cha kutolisema hilo. Anayeshika avae glavu na azibadilishe kwa kila kitu. Lakini panapochomwa moto, hukumu hugeuka. Ikiwa mnashuku petroli au mafuta ya taa, basi majivu, kipande cha mkeka na udongo vitiwe katika kopo safi la bati lenye kifuniko cha kukaza, kwa kuwa petroli katika mfuko wa karatasi itapaa kama inavyopaa katika debe lililoachwa wazi, na maabara watapokea majivu matupu. Mtu asiyejua tofauti ya hivi viwili ataharibu kwa nia njema kabisa.

Kila mfuko uandikwe juu yake: ni nini, kimeokotwa wapi, na nani, tarehe gani, saa ngapi, nani aliyekuwapo akiona. Ufungwe, na saini ipite juu ya mahali ulipofungwa, nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya mfuko, kama tulivyokuwa tukitia lakiri vifurushi vya posta. Na pawe na daftari. Fulani amempa fulani, saa kadhaa, mbele ya fulani. Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ambayo rufaa zetu za jinai huishia kwake, imekwisha sema katika hukumu zake kwamba mtiririko huu wa mikono unatakiwa uonekane, khasa kwa karatasi, tangu kitu kilipokamatwa mpaka kilipoletwa mbele yake. Na kwamba kwa vitu visivyobadilika upesi kutoka mkono kwa mkono maneno ya mashahidi yaweza kutosha. Watuhumiwa wengi wameachiliwa kwa kukosekana mtiririko huo. Wengine huenda walikuwa ni wezi kweli. Ndiyo ghali ya uzembe.

Picha sasa kila mtu anaweza, maana simu iko mkononi. Lakini kupiga si kutapakaza. Piga kwanza kwa mbali ijulikane ni mahali gani, kisha karibu, kisha karibu zaidi na rula au sarafu pembeni ya kitu, ionekane ukubwa wake. Kabla ya kitu kuguswa, si baada yake. Kumbukeni yule askari wa Uluru. Kisha picha ibaki katika simu ile ile iliyoipiga, haijakatwa wala haijatiwa rangi. Ikipitishwa katika WhatsApp hupunguzwa, na maelezo yaliyofichika ndani yake ya saa na mahali huondoka, na ile itakayofika mahkamani baada ya kupita katika simu mia itakuwa ni picha ya yatima, haina baba. Na inakuwaje mwili wa marehemu unazungushwa mji mzima kabla ya mama yake kujua?

Nafikia sasa jambo zito, ambalo nalisema kwa adabu mbele ya masheikh. Sisi hufanya haraka ya kuzika, na haraka hiyo ni sunna njema. Lakini mtu aliyeuawa, akioshwa kabla ya kutazamwa na daktari, maji ya josho huondoa moshi wa baruti uliobaki katika ngozi, huondoa kilichokuwa chini ya kucha zake ambacho pengine ni ngozi ya aliyemuua, na akizikwa, jeraha lake linazikwa pamoja naye. Mwaka 1987 wanavyuoni wa baraza la fikihi la Makka waliamua kwamba kupasua maiti kwa ajili ya kujua sababu ya kifo panapotuhumiwa jinai ni jambo linaloruhusiwa kwa haja. Basi saa chache za kungojea daktari aandike si kumvunjia heshima marehemu. Nawaomba maimamu walisemee jambo hili mapema, msikitini, siku ambayo hapana maiti. Maana siku yenye maiti hapana anayesikiliza, na aliye na uchungu hatakiwi kujadiliwa.

Wapo watakaoniuliza: na ikiwa ushahidi ule ukimwonyesha mtu wetu? Na uonyeshe. Tusiwe sisi wa kupaka kanzu damu ya mbuzi. Nimesikia kijana mmoja akisema, kwa mzaha natumai, kwamba panapokosekana ganda la risasi ganda laweza kupatikana. Huyo akisikilizwa mara moja tu, maganda yote ya kweli tuliyoyahifadhi kwa miaka hayatakuwa na thamani ya kopo tupu, kwa kuwa mwenye mizani ya kuongopa hupimiwa na watu kwa mizani hiyo hiyo. Mwanachama asiguse, asiongeze, asihamishe. Kazi yake ni kulinda na kuandika mpaka wafike wenye kazi yao.

Na wakifika, wapokeeni vizuri. Wapo polisi wenye kuijua kazi yao, na mmoja wao atashukuru akikuta kamba imezungushwa na daftari limeandikwa. Mwambieni nani ameingia, nini kimeguswa na kwa sababu gani. Msimfiche lo lote, hata kama ni mwenzetu aliyekanyaga. Mwacheni achukue anachotaka kuchukua. Lakini kila anachokichukua ombeni stakabadhi. Kwa upande wa Bara, sharia ya mwenendo wa jinai inamtaka askari anapokamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, mwenye nyumba atie saini na mashahidi watie saini. Na hata pale ambapo mtu ataleta ubishi wa kifungu gani kinatumika wapi, kuomba karatasi si kosa. Akikataa, msigombane naye. Andikeni jina lake, namba ya begani, gari aliyokuja nayo, vitu alivyovichukua kimoja kimoja na saa aliyoondoka, na watu watatu watie saini hapo hapo, kabla ya kamba haijafunguliwa na kabla ya mtu hajashika ufagio.